Hulia Kwanza, Halafu Hulala

Bi Kontena hakuzaliwa na jina hilo. Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyembandika, siku aliposikia kwamba mke wa yule dereva wa lori ana kontena nne ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Akaja mbio kuomba nafasi ya kuhifadhi saruji yake. Alipoonyeshwa kompyuta kuukuu juu ya meza ya sebuleni, akauliza, "Sasa kontena zenyewe ziko wapi?" Akajibiwa, "Humo humo." Jirani akaondoka akitikisa kichwa, na jina likabaki.

Kontena hizo, kwa msiojuana na kompyuta, ni kama vyumba ndani ya mashine: kila programu na chumba chake, isigombane na mwenzake. Ya kwanza ilikuwa na programu ndogo ya kupanga miadi ya wagonjwa. Ya pili ilikusanya logi, yaani yale maandishi ambayo programu hujiandikia yenyewe kila inapofanya jambo. Ya tatu iliyahifadhi, na ya nne ikayaonyesha kwenye ukurasa kwa mistari na rangi, wewe kazi yako kukaa na kutazama. Basi. Hakuna uchawi.

Huo ulikuwa mtihani. Kampuni moja ilitafuta mtu wa kuangalia mitambo yake akiwa nyumbani kwake, ikampa siku kumi: ndani yake, siku tano mfululizo logi ziingie bila kukatika. Akishindwa, ingembidi akubali kazi ya ghala katika mji wa mbali, na mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na miwili, abaki akizungumza na kuta, maana mwanawe alikuwa barabarani na lori mwezi mzima. Begi la safari lilishashushwa kutoka juu ya kabati. Mama mkwe alilipita kila siku bila kulitazama.

Siku ya kwanza Bi Kontena alirudi mchana kutoka duka la fotokopi alikofanya kibarua, akakuta kompyuta imezimika. Siku ya pili, vilevile.

"Mama, umeme ulikatika?"

"Wala! Redio imeimba tangu asubuhi."

Kufungua ukurasa, mtupu! Akajipiga kofi la paji la uso. Logi alikuwa amezihifadhi ndani ya kontena yenyewe, na kila alipoiunda upya ilizaliwa haijui lolote. Mjinga mie, akajisemea. Jioni ile akazitengea folda ya nje, kwenye diski, akaongeza na kiprogramu cha kuandika joto la mashine kila dakika.

Siku ya tatu ikazimika tena, lakini safari hii ushahidi ulikuwepo. Saa nne na dakika nane asubuhi joto lilianza kupanda. Sitini na moja. Sabini na saba. Tisini na sita. Kisha kimya, mashine ilijizima isiungue. Siku ya nne haikuzimika hata kidogo. Na siku ya nne ndiyo mama mkwe alikwenda kupimwa macho.

Bi Kontena akaduwaa. Mama? Huyu ambaye hata rimoti huishika kwa vidole viwili? Kisha wazo baya likampitia, akaona haya kuwa nalo: au Mama amenichoka, anataka niende? Usiku huo hakula vizuri.

Siku ya tano akaomba ruhusa kazini, akarudi kabla ya saa nne, akasimama nje ya dirisha la sebule kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa na ufagio. Kabla hajagusa sakafu, alifunika redio. Akafunika televisheni. Kisha akatoa kitambaa kipya alichokifuma kwa mkono wake, kizito, cheupe chenye pindo la bluu, akakishusha juu ya kompyuta, akakivuta pande zote mpaka chini. Feni ya kompyuta ikaanza kulia.

"Nyamaza," akaiambia. "Vumbi litaisha sasa hivi. Wewe usimwaibishe mwenzako. Tunamtaka hapa hapa."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilichokula kilikuwa nguo yenyewe! Bi Kontena akaingia mbio.

"Mama!"

"Shh! Hulia kwanza, halafu hulala. Kila siku ndivyo ilivyo."

Na kweli, mashine ikazimika.

"Umeona?" akasema Mama kwa fahari.

Bi Kontena akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama, hailali. Inazimia! Inakosa hewa!"

Mama akakinyakua kitambaa. "Mungu wangu! Kumbe mimi ndiye ninayekufukuza?" Machozi yakamlengalenga.

Bi Kontena akamkumbatia kwa nguvu. "Zimebaki siku tano, Mama. Ndizo hizo tunazozihitaji."

Basi Mama akahamishia kiti mbele ya skrini, miwani mipya puani. Sakafu akaipangusa kwa tambara bichi. Jirani aliyekuja kuazima nyundo alifukuzwa mlangoni: "Usitikise vumbi hapa!" Na duka la fotokopi likazoea simu zake: "Mwanangu, mstari wa joto uko hamsini na mbili. Hee, hamsini na tatu! Niite mtu?"

Mstari wa logi ukafika siku ya kumi bila kukatika. Kesho yake mkuu wa mitambo, mwanamke mwenye sauti kavu, akatokea kwenye skrini.

"Siku mbili za kwanza hazina logi. Ya tatu na ya tano je, kulitokea nini?"

Bi Kontena alifungua kinywa, lakini Mama alishachomeka kichwa mbele ya kamera. "Ni mimi, mwanangu. Niliifunika kitambaa. Msimwonee."

Halafu ile sauti kavu ikaangua kicheko mpaka mwenyewe akavua miwani. "Na hizi tano za mwisho, Mama?"

"Hizo nilizilinda. Sikubanduka."

"Basi mkweo anaanza Jumatatu. Hapo hapo alipo."

Vigelegele vya Mama vilimtoa jirani nje. Begi akalirudisha juu ya kabati mwenyewe, akiwa juu ya kigoda, hakutaka kusaidiwa. Kisha akachukua kile kitambaa, akakigeuzageuza.

"Kiti nacho kinapumua?"

"Hapana, Mama."

Akakitandika kwenye kiti cha mbele ya kompyuta, akavuta pindo mpaka likanyooka.

"Haya, kaa."