Kona ya Kushoto ya Pikapu ya Kasimiri

Watu wa Kinole wakikumbuka kwamba niliwahi kuionea wivu difu ya gari, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke tu. Difu yenyewe, zile gia zinazoyagawia nguvu matairi ya nyuma, ilikuwa ya pikapu ya mume wangu, Kasimiri, na mpaka leo nikimsikia dereva anaisifu difu yake, moyo wangu unachacha.

Kasimiri ni mtu wa Matombo. Alianza kwa kuendesha lori la ushirika. Ushirika ulipokwisha na kila kitu kikawa ruksa, akauza iliki na pilipili manga za shamba la mama yake, akashuka Dar es Salaam, akarudi na pikapu iliyokwisha kutumika Japani. Akaanza kubeba machungwa, mananasi na ndizi za Kinole kupeleka soko la Morogoro, na jioni kuturudisha sisi wachuuzi na makapu matupu.

Gari lile lilisukumwa na matairi mawili ya nyuma basi. Kiangazi halikuwa na neno. Shida ilikuwa masika, kwenye mlima wa udongo mwekundu ukishapita Mkuyuni, ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Barabara pale imelalia bondeni, upande wa kulia, kwa hiyo tairi la kushoto linabaki jepesi. Na difu ya kawaida ina tabia mbaya: nguvu yote inalikimbilia tairi lililokosa mshiko. La kushoto linazunguka bure likiturushia tope, la kulia limetulia. Dawa yake ni kulikandamiza lile jepesi. Kasimiri alikuwa akisimama chini ya mlima, anawatazama abiria wake, anachagua mtu mzito wa kukaa nyuma kwenye kona ya kushoto, juu ya tairi lenyewe.

Nilikuwa msichana mnene, wala sioni haya kusema. Nyumbani walinitania kwa unene wangu. Kasimiri aliniambia, "Dada, naomba ukae hapa," kwa adabu kabisa, na gari likapanda. Safari iliyofuata akanichagua tena, na nyingine tena, mpaka masika yakaisha na barabara ikakauka, naye bado ananichagua. Posa ilipokuja, wajomba zangu waliuliza kijana ameona nini kwangu. Mshenga akajibu kwamba bila mimi kijana hapandi mlima.

Akanioa, akahamia kwetu, kwenye shamba la ukoo wa mama yangu, kama ilivyo kawaida yetu Waluguru. Kona ile ikawa yangu. Nilikuwa na gunia langu la kukalia, na wachuuzi wenzangu walijua kwamba mvua ikianza, kona ya Mama Upendo haiguswi. Mtu akikaa pale kwa kusahau nilimsimamia mpaka akumbuke.

Halafu akaja Pazi, kijana wa Mkuyuni, na pikapu ileile, ila rangi tofauti. Nayo ilisukumwa na matairi mawili ya nyuma. Mlima ulipolowa, Pazi akapita. Hakusimama, hakumhamisha mtu. Abiria wake walifika Kinole na khanga safi, wetu wakafika na tope mpaka masikioni. Haikuchukua muda wachuuzi wakaanza kumhama Kasimiri, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Wivu ukamshika mume wangu. Alikuwa anakula macho yakiwa barabarani. Akisikia honi ya Pazi, anaweka tonge chini. Kwanza akasema Pazi ana mganga. Baadaye akajikaza, akamwendea na kumuuliza, na Pazi wa watu hakumficha kitu. Alisema alikuta huko Dar pikapu ya Kijapani iliyopata ajali, akang'oa difu yake, na ile haikuwa ya kawaida. Ndani yake mna sahani zinazoyabana matairi yote mawili moja likiteleza, kisha zinayaachia kidogo gari likikata kona. Akaahidi kumtafutia Kasimiri nyingine kama hiyo, mradi awe na subira.

Mtu aliyeshikwa na wivu subira ataitoa wapi? Kasimiri aliamua kwamba Pazi anamchelewesha makusudi. Akaenda kwa fundi wa kuchomelea mjini, akamwamuru afungue difu na avichomelee vile vigia vidogo vya ndani vishikane, ili matairi yote mawili yazunguke pamoja kila wakati, yatake yasitake. Fundi alimwonya kwamba kwenye lami gari litamsumbua. Kasimiri akamjibu kwamba yeye anakaa Kinole, na Kinole hakuna lami.

Siku ya kwanza mvua iliponyesha nilikuwa kwenye kona yangu, juu ya gunia langu. Gari liliushika mlima kwa matairi yote mawili, likapanda bila kusita. Abiria wakapiga vigelegele. Juu kabisa Kasimiri akasimama, akashuka, akaja nyuma akicheka peke yake, akalipigapiga lile bodi kwa kiganja.

"Mama Upendo," akasema, "sasa pumzika nyumbani. Gari halikuhitaji tena."

Alidhani amenipa zawadi. Nilishuka na gunia langu.

Tangu hapo nikabaki shambani. Mzigo wetu ulikwenda mjini na yeye, mimi nikapalilia mananasi. Kiti cha mbele kikapata mwenyewe, Semeni, binti wa mitumba aliyekuwa akileta magauni Kinole kila gulio, mwembamba hata upepo ungemchukua. Akinipita alinisalimu vizuri, "Shikamoo dada," nami nikaitikia marahaba huku nimeuma meno. Lazima niseme kweli: hapakuwa na jambo kati yao. Semeni mwenyewe alilalamika kwamba njia nzima kaka anamweleza habari za difu mpaka kichwa kinamuuma. Lakini mimi sikuwa namwonea wivu Semeni sana. Niliionea wivu ile difu. Ilikaa mahali pangu, ikafanya kazi yangu, tena bila kuombwa kwa adabu.

Mvua ikinyesha nilitega sikio nisikie injini inavyopanda kule chini. Nilisali rozari nikiomba tairi la kushoto liteleze. Halikuteleza. Chakula kikawa hakishuki. Nilimpakulia Kasimiri, nikakaa naye, nikachezea tonge mpaka anamaliza, naye akanyanyuka kwenda kulitazama gari lake.

Lami ndiyo iliyonijibu. Kwenye kona tairi la nje linataka kwenda mbio kuliko la ndani, na la Kasimiri lilikuwa limefungwa na mwenzake. Kila alipokata kona mjini, matairi yalipiga kelele watu wakageuka, na yakaisha mpaka yakawa vipara. Siku moja, karibu na soko, gari likiwa limejaa mananasi, shafti ya nyuma ikakatika. Mananasi yakatapakaa barabarani. Aliyelivuta gari mpaka gereji alikuwa Pazi, na kamba ilikuwa ya Pazi.

Semeni alinieleza yote hayo kwa huruma. Nilimpa pole, nikaingia jikoni, nikacheka peke yangu.

Kasimiri akarudishiwa difu ya kawaida. Mvua iliyofuata ilimkuta amesimama barazani, anageuzageuza kofia mkononi.

"Mama Upendo, twende mjini."

Nilimweka asubiri. Nilioga, nikasuka, nikatafuta gunia langu lilipo na kulikung'uta vumbi polepole. Halafu nikaenda, na moyo ulikuwa mweupe kama wa msichana, nisidanganye.

Jioni, tukirudi, akasimama chini ya mlima kama zamani. Nikapanda kwenye kona yangu. Akaingiza gia. Tairi la kushoto likazunguka bure. Akarudi nyuma, akajaribu tena, likazunguka tena. Akashuka, akaligonga tairi, akapima upepo, akainama kutazama difu. Hakuna kilichoharibika. Ndipo akainua macho akanitazama mimi, nimekaa juu ya gunia, mvua ikinimwagikia.

"Eufrazia," akasema. Tangu Upendo azaliwe hakuwahi kuniita jina langu. "Umekonda."

"Nimekonda tangu ulipochomelea difu," nikamjibu. "Nimekonda tukiwa tunakula sahani moja. Imebidi tairi likwambie."

Kasimiri akaenda ukingoni mwa barabara, akaanza kuokota mawe makubwa, akanishusha, akayapanga mwenyewe kwenye kona yangu, juu ya gunia langu. Semeni alishuka kiti cha mbele kabla hajaambiwa. Kasimiri akanishika mkono, akanipandisha pale mbele.

Gari likapanda na mawe yake. Karibu na kilele Pazi alitupita, akapiga honi ile yake. Kasimiri hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono wangu juu ya goti, ulivyokuwa mwembamba, mpaka nikamwambia aangalie barabara.