Mchora Kucha na Kidole Gumba cha Mama Mkwe

Saa moja kasorobo asubuhi, uani kumeshafagiliwa na kunyunyizwa maji, chai imeshanywewa, na Zulhumor Ergasheva ameinamia kidole cha mwisho cha mteja wake wa kwanza, pumzi kaibana. Mkononi ana brashi yenye nyuzi tatu tu. Ilinunuliwa ikiwa na nyuzi tele. Nyingine amezipunguza mwenyewe kwa wembe.

"Usicheke," anamwambia mteja.

"Sicheki, dada."

"Unacheka tumboni. Nakuona mpaka kwenye kidole."

Mteja anaitwa Nafosat, mwalimu wa chekechea, na Jumapili amealikwa harusini. Anataka kucha za atlasi, ile hariri ya Margilan yenye rangi zinazoingiliana kingo kama zimelowa mvua. Mji huu mzima unavaa atlasi. Kuihamishia kwenye kucha ni kazi ya Zulhumor, na hapa mtaani hakuna anayemfikia.

Anapaka nyeupe kwanza. Kabla haijakauka anadondosha vitone vya njano, kijani na nyekundu, kisha anachukua pini ya kushonea na kuipitisha katikati, mara moja kushuka, mara moja kupanda, akiifuta kila mara. Rangi zinavutana zenyewe.

"Mtu yeyote anaweza kufanya nyumbani kwake," anasema. "Pini iko kila nyumba. Kosa la watu ni kungoja ikauke. Ukingoja, hujachora atlasi, umechora bendera."

Zulhumor ana miaka thelathini na mmoja, watoto wawili, na mume, Mirzohid, anayeendesha lori kwenda Tashkent na kurudi. Chumba chake cha kazi kilikuwa ghala la magodoro. Kina meza moja, taa ya kukaushia jeli ya kucha, dirisha la uani na kiti cha wateja ambacho mguu wake mmoja umeungwa kwa waya. Kucha kumi za atlasi ni som elfu tisini. Msimu wa harusi hupata wateja sita kwa siku. Mwezi wa Ramadhani hapati hata mmoja, na hilo halimsumbui, kwa sababu naye anafunga na kulala mchana.

Kabla ya kufungua chupa yoyote, humuuliza kila mwanamke swali lile lile.

"Uko kwenye sala, au uko likizo?"

Wanawake hucheka, lakini hujibu. Aliye likizo, kwa siku zile za mwezi, hupakwa anachotaka, na likizo ikiisha hurudi kufutwa. Aliye kwenye sala husuguliwa, hukatwa, hupakwa mafuta ya kokwa za aprikoti, na kama ni harusi isiyokwepeka, yeye na Mola wake watajua namna ya kupangana saa. Rangi huziba kucha, maji ya udhu hayafiki. Zulhumor hataki dhambi ya mtu kwenye meza yake.

Ni swali ambalo mpaka asubuhi hii hajawahi kulisahau; atalisahau mara moja tu. Na mara hiyo moja itampata mtu ambaye hastahili kabisa.

Mlangoni anapita mwanamke mrefu wa miaka sitini na minne, kashika beseni la unga kwa viwiko, mikono imezama ndani ya mikono ya gauni. Ni Bi Tojikhon, mama mkwe.

"Bibi harusi!" anaita. Huku mke wa mwana huitwa bibi harusi hata akiota mvi. "Huyo mwalimu umemshikilia tangu alfajiri. Utamrudisha na vidole vyake vyote?"

"Vyote, mama."

"Vihesabu."

Nafosat anaangua kicheko, na kucha ya atlasi inaharibika. Zulhumor anaifuta na kuanza upya.

*

Bi Tojikhon alifanya kazi miaka ishirini na saba katika kiwanda cha kuvuta nyuzi za hariri. Vifuko vya viwavi huchemshwa, na mvutaji huzamisha vidole kwenye maji ya moto kutafuta ncha ya uzi. Ukiipata, unatafuta nyingine. Ndivyo hivyo asubuhi mpaka jioni. Alipoacha kazi, kucha zake zilikuwa za manjano, nene, zenye mifereji, na ya gumba la kulia ilikuwa imebaki nusu, imejikunja kama ganda la mbegu.

Hakumlalamikia mtu. Alishona tu mikono ya magauni yake iwe mirefu.

Zulhumor aliyajua haya akiwa amechelewa. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yake, alipotolewa akiwa na shela kuwainamia wakwe mmoja mmoja, kila shangazi alimshika kidevu na kumbusu. Bi Tojikhon hakumshika. Alisimama tu, mikono ndani ya nguo.

"Nililia siku ile," anasimulia Zulhumor. "Nikasema, huyu mama hanitaki. Miaka miwili mizima niliamini hanitaki. Kumbe alikuwa anaona haya kunigusa mbele za watu."

Aligundua siku moja walipokuwa wakikanda unga pamoja, wawili tu jikoni. Tangu hapo alitamani kuishughulikia mikono ile. Akimwambia mama aketi kwenye kiti, jibu lilikuwa moja: kiti hicho ni cha wasichana, na isitoshe kimevunjika mguu.

Kisha, mwanzoni mwa Agosti, posa ya Feruza, kitinda mimba wa Bi Tojikhon, ikakubaliwa. Siku ya kuvunja mkate ikapangwa.

Katika mtaa wao, mama wa binti na mama wa bwana hushika mkate mmoja wa tanuri, kila mmoja upande wake, na kuuvunja mbele ya wanawake wote. Ukishavunjika, neno limefungwa. Macho yote huwa kwenye ile mikono minne.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Bi Tojikhon alikuwa akibandika mikate ndani ya tanuri, ile kucha ya gumba ikapasuka mpaka kwenye nyama. Damu ikadondokea unga. Zulhumor alimvuta kwa nguvu mpaka kitini, na kwa mara ya kwanza mama hakubisha. Alimsafisha, akamsugua kwa tupa, akamwekea jeli isiyo na rangi kuushika ule ufa, akamwingiza kidole kwenye taa. Kazi safi, kama ambayo angefanyiwa mteja mwingine yeyote.

Bi Tojikhon alikigeuza kidole kwenye mwanga. "Loo! Kinang'aa kama kibakuli kipya," akasema. Siku nne zilizofuata alikuwa akikitazama kila akidhani yuko peke yake.

Siku ya tano, Zulhumor alikuwa akiosha vyombo, mama akitawadha bombani. Maji yakapita juu ya lile gumba, yakakaa vitone vitone, yakateleza.

"Hapo ndipo nilipokumbuka," anasema. "Nilikuwa sijamuuliza. Kila binti ninamuuliza. Yeye ni mtu mzima, swali lile haliulizwi watu wa umri wake, basi halikunijia kabisa. Mtu asiye na likizo hata siku moja kwa mwezi, ndiye niliyemziba kucha!"

Angeweza kunyamaza. Jeli haikuwa na rangi, na mama asingejua kamwe. Zulhumor anakiri kwamba alilifikiria hilo kwa muda wa kusuuza sahani mbili. Kisha akafunga bomba, akasema.

Bi Tojikhon alisikiliza mpaka mwisho.

"Itoe," akasema.

Kuitoa jeli ni dakika kumi za pamba na asetoni iliyofungiwa kwenye karatasi ya foili. Zilikuwa dakika kumi ndefu kuliko zote. Walikaa magoti kwa magoti. Ilipotoka, ufa ulikuwa palepale. Mama aliinuka, akatawadha tena, akaingia chumbani na kuanza kuzilipa sala za siku tano, moja baada ya nyingine, na magoti yale mabovu. Kutoka jikoni Zulhumor alimsikia kila alipoinama na kila alipoinuka akiguna. Alimenya vitunguu ili apate kisingizio cha macho yake.

Jioni, mama aliweka kibakuli cha chai chini na kutoa uamuzi. Wifi yake, Muattar, ndiye atakayeuvunja mkate wa Feruza.

"Lakini mama, Feruza ni mwanao!"

"Najua nani nimemzaa. Mkono huu si wa kuonyeshwa wakwe."

Hakumtukana wala hakufunga chumba cha kazi. Aliacha tu kupita mlangoni na utani wake, wiki nzima. Zulhumor anasema angeona afadhali angepigwa.

*

Jibu lilikuwa linaota kando ya mfereji wa maji, nyuma ya miche ya nyanya.

Ni ua jekundu ambalo huku huitwa hina, ingawa si ile hina ya unga inayouzwa sokoni. Mabinti wa vijijini walijipaka hilo kabla chupa za rangi hazijafika. Zulhumor alifundishwa na bibi yake. Hata sasa anamwelekeza yeyote anayeuliza, na anahimiza watu wajaribu nyumbani.

Unachuma maua na majani machache. Unayaanika kivulini yanyauke, maana mabichi yana maji mengi na rangi hukimbia. Unayaponda pamoja na punje ya shabu, ile chumvi ya kukazia rangi, isizidi ukubwa wa dengu, la sivyo ngozi itawasha. Pembeni ya kucha unapaka mafuta ili vidole visigeuke vyekundu. Kisha tonge dogo juu ya kila kucha, jani juu yake, uzi wa pamba, na subira. Haifuniki kitu. Inaingia ndani ya kucha, na maji yanapita kama kawaida.

"Nilikuwa nachora jeli ya kila namna," anasema, "na dawa ya mama yangu naimwagilia maji kila siku bila kuiona!"

Jumamosi, baada ya sala ya isha, aliweka kisahani cha maua yaliyopondwa mbele ya Bi Tojikhon.

Mama alikiinua, akanusa. Akanusa tena.

"Mama yangu alinifunga hii," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Jumatatu yake nikaanza kiwanda. Sikufungwa tena."

"Nikufunge, mama?"

"Na hilo gumba utalifanyaje? Limeoza."

"Halijaoza. Limechoka."

Bi Tojikhon akakunja mikono ya gauni, moja, halafu nyingine, akaviweka vidole vyote kumi kwenye mapaja ya mke wa mwanawe.

Zulhumor alianza na mafuta ya aprikoti. Aliisugua mifereji taratibu, tupa ikienda upande mmoja tu, maana kwenda na kurudi huichana kucha dhaifu. Gumba aliliacha mwisho. Alilishika kwa muda kidogo kuliko kazi ilivyohitaji, na mama hakulivuta.

Alfajiri walifungua nyuzi pamoja. Kucha zilikuwa na rangi ya aprikoti lililoiva sana. Gumba lilikuwa bado limejikunja, bado nusu, lakini na lenyewe lilikuwa jekundu kama wenzake. Bi Tojikhon alikwenda bombani, akayatazama maji yakipita.

"Yanapita," alisema.

*

Jumapili saa nne, chumba cha wageni kimejaa wanawake, tende, karanga na kelele. Muattar amewahi kufika, bangili tele, mikono tayari. Wakwe wanaingia wakiongozwa na mama wa bwana, Bi Inobat, mwanamke mnene mpole aliyeshika leso kubwa kwa mikono miwili na haiachii hata akisalimia.

Zulhumor, mwenye kazi ya kumimina chai, amesimama mlangoni na birika.

Mkate unaletwa. Muattar ananyoosha mkono.

"Wifi, kaa," anasema Bi Tojikhon. "Binti ni wangu."

Anasogea mbele, anakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, anaushika mkate. Bi Inobat hausogelei. Anazitazama zile kucha, anatazama lile gumba, na uso wake unabadilika.

"Ulikuwa kiwandani?" anauliza kwa sauti ya chini.

"Miaka ishirini na saba."

Polepole, Bi Inobat anaiweka leso chini. Kucha zake ni za manjano, zina mifereji, na mbili hazipo kabisa. Anashika upande wake wa mkate. Unavunjika katikati, sawasawa, na wanawake wanapiga vigelegele, Feruza analia, na kila mtu anambusu kila mtu.

Katikati ya kelele hizo Bi Inobat anainamia sikio la mkwe mwenzake, lakini Zulhumor, aliyefika kumimina chai, anasikia kila neno.

"Hayo maua, dada... yamebaki?"

Bi Tojikhon anageuka. "Zulhumor, mwanangu!" anaita kwa jina, si "bibi harusi". "Yamebaki?"

"Yamebaki, mama."

Zulhumor anasema hakumbuki alimmiminia nani chai baada ya hapo, wala kama ilikuwa chai.

Sasa ana mpango. Kila Jumatano, chumba kitakuwa cha wanawake waliovuta nyuzi, bure, kwa mafuta, tupa na hina ya mferejini. Bi Inobat amekwisha kuahidi kuleta wanne wa zamu yake. Kiti kitatengenezwa mguu Mirzohid akirudi. Tatizo ni maua: kichaka kimoja hakitoshi mikono yote hiyo.

Asubuhi ya Jumatatu, Zulhumor anatoka kufagia na kumkuta mama mkwe kando ya mfereji, mikono ya gauni imekunjwa, akiing'oa miche ya nyanya yenye matunda na kulainisha udongo ili apande mbegu za hina.

"Mama! Nyanya zetu!"

"Nyanya zinauzwa sokoni," anajibu Bi Tojikhon bila kuinua kichwa. "Lete maji."