Jumatano ya Luseno

Nairobi, Jumamosi, Julai 19, 1997. Kumepambazuka kwa manyunyu na baridi. Moshi wa viwanda haupandi; umetanda juu ya mapaa ya Industrial Area.

Saa mbili asubuhi, Nthoki Ndete, karani wa kiwanda kimoja cha mabati, anainamisha kichwa mbele ya kompyuta na kuomba kimyakimya. Kisha anaiwasha. Vibarua humwita Mama Kompyuta, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Nthoki, mkazi wa Makongeni, ana miaka arobaini na sita. Kompyuta alijifunza katika masomo ya jioni, akiwa na umri mkubwa kuliko mwalimu wake. "Nilimwomba Mungu anifungue akili," anasema. Mumewe alifariki, na sasa mshahara wa Nthoki wa shilingi elfu sita ndio unaolisha nyumba.

Kazi yake ni mahudhurio ya vibarua. Kila siku ya kibarua huingia kwenye mashine kama mstari mmoja: jina, tarehe, saa za kazi. Lakini meneja hataki orodha ndefu. Anataka kila mtu awe na mstari mmoja tu, na siku saba za juma zisimame kando yake kama safu wima. Kwa hiyo Nthoki aliiandikia mashine amri, kwa lugha iitwayo SQL, kwamba saa za kila siku ziwekwe katika safu yake kwa namba ya siku hiyo.

"Hapo ndipo nilipoteleza," anasema.

Mashine ile huhesabu siku kuanzia Jumapili. Yeye alifuata majina: Jumamosi ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. "Jumatatu si tatu? Jina lenyewe linasema." Kwa mashine, siku ya tatu ni Jumanne. Kila safu ikabeba saa za siku inayofuata, na kwa kuwa kiwanda hakifungi hata Jumapili, hakuna aliyeshtuka.

Aliyegundua ni Kimeu, mpakiaji wa mabati na Msabato. Juma lililopita aliona karatasi ikisema alifanya kazi Jumamosi. Alimfuata Nthoki dirishani akicheka.

"Mama Kompyuta, mimi na Sabato yangu yote! Hiyo mashine yako ilinitoa kanisani saa ngapi?"

Nthoki hakucheka. Alimkumbuka Luseno.

Mwezi Mei, siku ya Jumatano, mashine ya kukunja mabati ilimkata Luseno vidole vinne vya mkono wa kulia. Alhamisi alikuwa amelazwa. Karatasi ya Nthoki, chini ya Jumatano, ilibeba saa za Alhamisi: sufuri. Kiwanda kikamnyima fidia, kikidai aliumia kwingine. Wenzake walioiona damu walinyamaza, maana kibarua anayesema haitwi tena langoni.

"Hata mimi nilidhani anadanganya," Nthoki anasema. "Niliamini karatasi kuliko mtu."

Alipomweleza meneja, aliambiwa arekebishe safu kuanzia sasa, lakini karatasi ya Mei imekwisha wasilishwa kwa afisa wa kazi wa serikali na isiguswe. Anayetaka kuwa wakili, aliambiwa, atafute meza kwingine.

Saa nane mchana Nthoki na Kimeu wanafika Kayole, katika chumba cha Luseno. Mkewe, Mideva, anamaliza kumfunga mumewe vifungo vya shati kabla ya kuwakaribisha. Majirani wawili wamekaa kitandani. Nthoki anawaeleza yote, polepole, bila kujitetea.

Luseno anamgeukia. "Kwa hivyo, Mama, nilikuwa kazini."

"Ulikuwa kazini, ndugu yangu."

Nthoki anasimama, anafumba macho aanze kuomba. Mideva anamgusa mkono.

"Mama, sema kwanza. Kuomba tutaomba baadaye. Utayasema hayo hapa tu, ama hata mbele ya afisa wa kazi?"

Nthoki anafumbua macho. Anawatazama mmoja mmoja.

"Jumatatu nitakwenda kwake na mistari ya Mei yote, siku kwa siku," anasema kwa sauti inayosikika hadi nje. "Nitasema aliyekosea ni mimi, Nthoki Ndete. Wakinifukuza, na wanifukuze. Nyinyi nyote mmenisikia."