Maharagwe Ndani ya Kichuguu

Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile ambayo Lubumbashi haikutoa moshi. Nilitoka nje nikaangalia upande wa kiwanda, na dohani ile kubwa ilikuwa imesimama tu kama mti uliokauka. Nikaangalia mapaa ya kambi yetu, nyumba kwa nyumba, na hata jiko moja halikuwa linafuka. Nilikuwa nimezoea kuulalamikia moshi ule ulioingia kooni na kuchafua nguo zilizoanikwa. Siku ulipokosekana niliogopa, kwa sababu mji usio na moshi ni mji ambao watu wake hawapiki.

Ilikuwa miaka ile kampuni yenye kiwanda kile ilipoanguka. Zamani kampuni ilitoa kazi, nyumba na unga wa kila mwezi, na mtu aliishi kama mtoto mgongoni mwa mama. Kisha unga ukakoma, mishahara ikakoma, na juma hilo watu wenye bunduki na wasio na bunduki walivunja maduka ya mjini. Nilimwona mtu mzima amebeba mlango wa friji kichwani, mlango peke yake, anakimbia nao kwa furaha. Malori ya makala, makaa yetu ya kupikia, hayakuja tena kutoka porini. Kaka yangu Donat alikuwa amekwenda Kambove kutafuta unga kwa jamaa zetu, na njia zikafungwa nyuma yake.

Basi nilibaki mimi, kijana niliyetoka universite bila kazi, mwanamume pekee katika nyumba ile. Alikuwepo Bibiane, mke wa kaka yangu, ambaye juma hilo hilo alikuwa amejifungua mapasa, watoto pacha. Alikuwepo pia mama yake, Mama Filo, aliyekuja kumtunza mzazi. Mapasa kwetu ni wageni wakubwa, mwanangu. Hupokewa kwa nyimbo, na aliyewazaa hubaki na jina la Mama Mapasa hadi kaburini. Lakini heshima haijazi tumbo. Bibiane alikuwa anakunywa uji mwepesi tu, na maziwa yalikuwa yanakatika. Mmoja akinyonya, mwenzake alilia. Na kilio kile kilikuwa kinapungua nguvu. Hilo lilinitisha kuliko kama kingezidi.

Usidhani hatukuwa na kitu. Tulikuwa na maharagwe makavu tuliyonunua soko la Kenya, ule mtaa wa hapa mjini, kabla wafanyabiashara wa Kivu hawajafunga maghala yao, tulikuwa na karanga, na tulikuwa na ndakala, vile visamaki vikavu. Tulichokosa ni moto. Maharagwe hutaka moto wa nusu siku, nasi tulikuwa na makala ya kujaza viganja viwili. Nilikuwa nimewaza usiku kucha. Nikichoma mlango, mwizi ataingia. Nikichoma kitanda, mzazi atalala chini na baridi itampanda mgongoni. Nikichoma meza, hiyo moja itatosha? Mimi ndivyo nilivyoumbwa: nikipewa shida moja, huizalisha hadi ziwe kumi.

Mama Filo naye hakuwa amelala. Alitoka uani amejifunga kitenge vizuri, nywele zimechanwa, kana kwamba vita ni mgeni asiyestahili kumkuta ovyo. Zamani alikuwa mwalimu wa mapishi na ushonaji kwa wake za wafanyakazi, na mpaka uzeeni alitembea kama mtu anayekagua usafi. Akasimama mbele ya kichuguu.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu kirefu kupita paa, kama vile unavyoviona mpaka leo katikati ya mitaa. Mchwa walikuwa wamekihama zamani, na kilichobaki kilikuwa udongo mgumu uliokataa hata mvua. Mimi nilikuwa nikimsumbua Donat kila mara tukisawazishe, nikiogopa siku moja kitaangukia jikoni.

Sasa, mwanangu, lazima ujue jambo moja. Kwetu mukwe na mama mukwe huheshimiana kwa umbali. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Mimi, kama mdogo wa Donat, nilikuwa mukwe wake vilevile. Siku zote Bibiane ndiye aliyetupashia maneno, lakini asubuhi ile alikuwa kitandani hana nguvu. Mama Filo akanipa mgongo, akakikoholea kichuguu kama anayebisha hodi.

"We kichuguu," akasema, "ambia ule kijana alete mutalimbo na jembe. Atoboe tundu hapa kwa ubavu yako, ya kuingia nyungu na mukono muzima."

Nami nikakijibu kichuguu. "Mwambie Mama kwamba nikitoboa ubavuni, huenda kikaanguka chote."

"Kichuguu, mwambie weye ulikuwa hapa mbele babu yake azaliwe. Hautaanguka sababu ya jembe ya muntu mwembamba vile."

Kutoka dirishani sauti dhaifu ya Bibiane ikasema, "Aba, muhurumie kichuguu! Anachoka kupeleka habari!" Nilimsikia akicheka, na kicheko kile kilinipa nguvu ya kuchimba.

Udongo ule ulikuwa mgumu kama tofali lililochomwa. Tundu lilipokuwa tayari, Mama Filo alikiambia kichuguu, nami nikasikia, kwamba tuwashe moto ndani yake kwa gunia la vigunzi vya mahindi lililokuwa stoo. Ajabu ya kwanza ndiyo hiyo. Kigunzi kwenye mbabula, jiko letu la makala, ni kazi bure, maana huwaka kama kiberiti na kuisha kabla maji hayajapata moto. Lakini udongo unakula moto wa haraka na kuutunza. Vigunzi vilipoisha, ndani ya tundu palikuwa pekundu. Tulikusanya makaa yaliyobaki, tukachemshia juu yake sufuria ya maharagwe yaliyolowekwa tangu usiku, pamoja na ndakala na karanga zilizotwangwa, bila chumvi. Yalipotokota, sufuria ikafunikwa, ikaingizwa ndani, tundu likazibwa kwa kipande cha bati, na pembezoni pakapakwa tope hata uzi wa mvuke usitoke.

"Kichuguu," Mama Filo akasema, "ambia ule kijana asiguse."

Akaingia ndani kwa binti yake. Nikabaki peke yangu na ukuta wa udongo usiosema kitu.

Mwanangu, mtu anayewaza sana haogopi anachokiona, huogopa asichokiona. Mbele ya jiko la makala ningeona moto, ningesikia mchemko. Hapa palikuwa kimya. Nikaanza. Je, maji yakikauka? Je, mvuke ukikosa pa kutokea, sufuria itapasuka? Je, kama joto limeshaondoka nami nimekaa kama mjinga nikilinda jiwe baridi, na mtoto kule ndani analia? Nikamsikia kweli analia. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na maneno hayo niliyajua tangu utoto, lakini kuijua methali na kuitii ni vitu viwili. Nikabandua tope, nikavuta bati.

Mvuke ulinipiga usoni na kupaa. Nikachota punje, nikaitafuna: ngumu. Nikarudisha bati upesi, nikapaka tope upya. Baada ya muda nikafungua tena kuona kama nimeharibu. Safari hii haukutoka mvuke wa maana. Nikaingiza mkono tunduni, nikakuta joto la kitanda alichoamka mtu. Vigunzi vilikuwa vimekwisha vyote.

Nilipogeuka Mama Filo alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama machoni.

"Mukwe," akaniita. Hakukiita kichuguu, aliniita mimi. Nilitaka kuinamisha kichwa, akakataza. "Apana. Niangalie. Bale batoto bako babili, na kifua ya mama yabo inakauka. Weye uko na woga. Muzuri, woga iko ya kila muntu. Lakini juu ya nini unaitumikisha mikono yako? Kaa na ile woga kwa roho. Usiipatie kazi."

Angenipiga ingeuma kidogo kuliko hivyo, maana alikuwa amevunja mwiko wa ukwe ili neno linifikie.

Nilikaa chini nikawaza, na safari hii kuwaza kulinisaidia. Kama kichuguu kinataka moto wa haraka tu, basi si lazima ziwe kuni. Nyuma ya kambi, kando ya barabara kubwa, palikuwa na safu ya mikaratusi, na mikaratusi huvua magome yake kama nyoka. Chini yake magome makavu yalilala rundo kwa rundo. Watu waliyakanyaga kila siku, hakuna aliyeyaokota, kwa sababu kwenye mbabula hayafai. Upande ule risasi zilikuwa zinasikika tangu alfajiri. Nilichukua gunia tupu, nikaenda nimejikunyata, nikajaza, nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya mwisho milio ilikuwa karibu hata nikalala kifudifudi juu ya magome yangu, pua imejaa harufu yake kali, nikisema moyoni, hapa ndipo msomi atakapofia, amekumbatia takataka. Milio ikapita. Nikainuka.

Magome yale yalinguruma ndani ya kichuguu kama gari linalopanda mlima. Tuliyalisha mpaka kuta zikawaka wekundu kupita mwanzo. Tukachemsha tena, tukaingiza, tukaziba. Jua lilikuwa utosini.

Mama Filo alijua kwamba sitaweza kukaa bure. Akarudi kwenye desturi yake, akageuka: "Kichuguu, udongo yako inabaki hapa chini bure, na ukuta ya jikoni iko na nyufa. Ambia ule kijana."

Nikafundishwa kupitia kichuguu, na nawe lichukue somo hili. Udongo wa kichuguu peke yake ukikauka hupasuka. Uponde, uchekeche, uchanganye na mchanga na majivu kidogo, na nyasi zilizokatwa fupi ziushike. Uache ulale kidogo na maji yake. Kabla ya kuziba ufa, ukwangue ndani mpaka ulegevu wote utoke, kisha uloweshe ukuta. Ukuta mkavu hunywa maji ya udongo mbichi na kiraka hudondoka. Pakaza tabaka jembamba, lingojee, pakaza la pili. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nasi mvua zilikuwa karibu. Niliziba nyufa za jikoni zote. Kila nilipopita karibu na kichuguu mikono ilitaka bati. Nikairudisha kwenye tope.

Jua lilipoanza kuteremka, Mama Filo alitoka na sahani. Akaweka kiganja chake juu ya ubavu wa kichuguu. Akanionyesha kwa kidevu nifanye vilevile. Nikaweka changu. Udongo ule mnene, uliokuwa baridi tangu siku za mababu, ulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe aliyelala. Sijui nikueleze vipi. Nje mji ulikuwa unavunjika, na pale chini ya kiganja changu kulikuwa na kitu kikubwa, kimya, kinachofanya kazi yake bila kutuuliza.

Tulibandua tope. Harufu ilitangulia. Maharagwe yalikuwa mazima, hata moja halikupasuka ganda, lakini ukilibana kati ya vidole linayeyuka kama siagi. Karanga zilikuwa zimegeuka mchuzi mzito wenye rangi ya udongo wenyewe, na ndakala walikuwa wamelainika hata miiba. Mama Filo akatia chumvi, maana chumvi ikitangulia huyafanya maharagwe yakaidi. Kisha akapiga magoti pale pale vumbini, yeye na kitenge chake safi, akasema kwa sauti ndogo, "Nyanya, nimeona."

Hapo nikasahau adabu. "Mama," nikamwuliza yeye mwenyewe, "hujawahi kupika hivi?"

"Hata siku moja. Nyanya yangu njo alikuwa anapika vile kule mugini, kwa kijiji yetu. Miye nilikuwa katoto, nilionaka tu kwa mbali."

"Basi uliogopa?"

"Kuliko weye!" akasema, akaifuta sahani kwa ncha ya kitenge. "Unafikiri kule ndani nilikuwa nafanya nini? Nilikalia mikono yangu yote mbili juu ya kitanda, mpaka ilikufa ganzi. Bibiane aliniuliza kama naumwa."

Bibiane alikula sahani mbili na kunywa mchuzi wa tatu. Sisi tulikula baada yake, Mama Filo upande mmoja wa nyumba, mimi upande mwingine, kama ilivyopasa. Kesho yake asubuhi niliamshwa na kimya. Nikashtuka, nikakimbia hadi mlangoni. Mapasa wote wawili walikuwa wananyonya kwa pamoja, mmoja kila upande, na maziwa yalikuwa yanamwagikia mashavuni mwao. Bibiane alijiwekea kidole mdomoni kunionya nisiseme kitu. Donat alirudi na unga njia zilipofunguka, akawakuta wanene, akadhani nimemsimulia uongo.

Mwanangu, nakuachia haya. Loweka maharagwe usiku, yachemshe kwa nguvu mara moja, kisha yafungie joto lake, iwe kwenye udongo, iwe ndani ya blanketi kuukuu na kikapu, na uende ukafanye kazi nyingine. Kisicho na faida kwenye jiko la jirani kiangalie mara mbili kabla hujakikanyaga. Wakubwa wako wakikuambia usiguse, usidhani wana hakika. Mara nyingi wanaogopa kama wewe, ila wameshajifunza kukalia mikono. Utaogopa maisha yako yote, kama mimi. Ogopa, lakini usifungue.

Mungu wa mababu zetu akupe ukuta usiopitisha mvua na sufuria isiyokosa cha kuchemsha. Akupe wa kukulisha ukiwa dhaifu, na wa kulisha ukiwa na nguvu. Na siku mji utakapokosa moshi, joto lisikukose ndani ya nyumba yako.