Mtia Sahihi wa Arobaini na Mbili

Haya ninayosimulia hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mimi Firmin, niliyewapandishia kahawa wasomi wa Paris miaka kumi na tisa bila kumwaga tone, angenisimulia mtu mwingine ningemwambia akanawe uso kwanza. Shule niliiacha darasa la nne, lakini falsafa nimeisikiliza mlangoni nikiwa na sinia mkononi, na waliokaa vitini hawakuambulia zaidi yangu. Basi sikilizeni habari za Huguette, mpiga taipu.

Alitoka pwani ya Bretania, magharibi mwa Ufaransa, mwanamke mkavu wa maneno, vidole vyepesi kama mvua juu ya bati. Mwaka 1952 alikuwa akifanya kazi kwenye jarida dogo lililokuwa ghorofa ya tatu, juu ya mkahawa wetu. Jarida lile lilikuwa na wasomaji wachache na sahihi nyingi. Kila wiki lilitoka tamko: kupinga vita vya Indochina, kuwatetea wafanyakazi waliofukuzwa, kulaani jambo ambalo mwezi uliopita lilisifiwa. Wasomi saba walikaa mezani, mmoja akaikumbatia simu, majina yakakusanywa, na Huguette akayapanga kwa herufi, A hadi Z. Tamko lisilofika sahihi arobaini waliliona kama supu isiyo na chumvi.

Watu wale walitia sahihi kwa ajili ya dunia nzima. Huguette alikuwa na karatasi moja tu ya kutia sahihi, na ilimshinda. Aliiweka kwenye droo, chini ya karatasi za kaboni. Ilitoka ofisi ya meya wa kijijini kwao, na alitakiwa kuthibitisha kwamba kaka yake Ludovic, aliyekamatwa na Wajerumani mwaka 1943 na asirudi, amekufa. Bila karatasi ile jina la Ludovic lisingechongwa kwenye jiwe la waliokufa vitani. Mama yao, ambaye macho yalishaingia ukungu, alimwomba jirani amwandikie barua: "Mwanangu, mchongaji anakuja kabla ya tarehe kumi na moja Novemba, siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani. Nataka nimguse mtoto wangu mahali kabla sijafa. Tia sahihi."

Hakuweza. Vikaratasi alivyokamatwa navyo Ludovic, vya kuwachochea watu dhidi ya Wajerumani, Huguette ndiye aliyevipiga taipu. Asubuhi Ludovic alipotoka kwenda kuvisambaza, kamba ya kiatu chake ilikatika, naye Huguette akamfungia kiatu kwa utepe wa zamani wa taipureta, wakacheka mikono ilivyojaa wino. Kumwandikia kifo aliona ni kumtuma barabarani mara ya pili.

Basi Oktoba ile alipeleka kwa wachapaji majina arobaini na moja. Nakala ya kusahihisha ikarudi na arobaini na mawili. Baada ya P na kabla ya R, pale ambapo siku zote palikuwa patupu, paliandikwa: Ludovic Quéméner.

Alikaa akiliangalia mpaka chai yake ikafanya utando. Mle ofisini walimjua kwa jina la Huguette tu. Watetezi wa wafanyakazi hawakuwahi kuuliza ukoo wa mpiga taipu. Akamwendea Bi Vauzelle, mhariri.

"Bibie, huyu Quéméner kaletwa na nani?"

"Quéméner?" Bi Vauzelle hakuinua hata macho. "Nani asiyemjua? Mwache."

Yaani mle ndani, kukiri kwamba humjui mtu aliyetia sahihi kando yako ilikuwa aibu kubwa kuliko kutemea supu ya mwenzio. Profesa Hennequin, baba wa falsafa na mvi zake, akadakia, "Mimi namsoma siku zote. Kichwa kizuri, ila mkaidi."

"Mkaidi kama wewe, au zaidi?" akauliza Bi Vauzelle.

"Zaidi. Mimi nikikosea huwa nabadilika."

"Tunajua, mwenzetu. Kila Jumanne."

Huguette akalikata jina kwa wino mwekundu. Wiki iliyofuata likarudi. Akalikata. Likarudi. Kufikia tamko la nne walishaanza kumgombania: huyu asema Quéméner amekiegemea mno Chama cha Kikomunisti, yule asema amekikimbia. Nami siku hizohizo nikawa napandisha vikombe saba, nashusha vinane. Cha nane hakikutiwa sukari, na kwenye mshikio kilikuwa na alama ya kidole, nyeusi. Nilidhani nazeeka, nikaviosha vyote.

Siku ya tatu ya Novemba, saa sita mchana, Hennequin aliingia akifuta kiganja kwa leso.

"Huguette, mama, ukimwona Quéméner mwambie anunue kamba za viatu kama watu wengine. Nimemkuta pale ngazini ameinama, anafunga kiatu kwa utepe wa taipureta. Nimempa mkono, ona sasa, wino huu hautoki."

Jambo la utepe ule Huguette hakuwahi kumwambia mtu, hata mama yake.

"Amesema nini, Bwana Profesa?"

"Alalamikia baridi, kama wote. Na kwamba amechoka kupangwa kila wiki katikati ya watu asiowajua." Hennequin akacheka kidogo. "Nikamwambia, basi nenda kwenye orodha ya kwenu."

Huguette alitoka hadi ngazini. Hapakuwa na mtu. Kwenye kipandio cha tatu palikuwa na doa la wino, bado bichi. Akaligusa, akarudi, akavuta droo, akatoa karatasi ya meya. Akaandika jina lake lote, polepole, na Hennequin, ambaye hajawahi kuona karatasi asiichungulie, akasoma.

"Quéméner? Na wewe?"

"Na mimi. Ni kaka yangu, Bwana Profesa. Tangu arobaini na tatu hayupo."

Profesa akakitazama kiganja chake, kisha akakificha mfukoni kama mtoto aliyeiba jamu.

Bahasha iliondoka kwa posta ya saa nane. Nakala ya wiki ile ikarudi na majina arobaini na moja, P ikifuatwa na R. Nami jioni nikapanda kuchukua vyombo, na nawaapia, dirisha lilifunguka lenyewe, utepe wa taipureta ukajikunjua ukatambaa kama nyoka hadi mlangoni, na vikombe vyote vinane vikapasuka kwa mkupuo mmoja, hata mimi ambaye sijawahi kuogopa kitu tangu kuzaliwa nika—

"Havikupasuka, Firmin," anasema Huguette, anayesoma juu ya bega langu ninavyoandika. "Vilikuwa saba, vizima. Ulivihesabu mara tatu, kisha ukakaa kwenye ngazi ukaniomba nikushike mkono."