Barabara Tuliyoifungua kwa Tangazo

Siku ya pili ya mafunzo kuhusu serikali dhaifu na namna ya kuzijenga upya, hapa Butembo, mwezeshaji alitusimamisha wote. Ukuta wa dirisha ulikuwa serikali yenye nguvu, ukuta wa mlango serikali isiyokuwepo. Kila mmoja asimame pale anapoona nchi yetu ilipo. Mimi, karani wa ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kule Beni, nilikwenda dirishani kwa sababu mkuu wangu alikuwa ameshafika. Kapteni mmoja wa jeshi, anayefanya kazi upande wa kwetu, akaja kusimama kando yangu. Wafanyabiashara na watu wa makanisa walijazana mlangoni wakitucheka. Nilikasirika, ingawa sikujua nimkasirikie nani.

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mama, kutoka Beni. Kakao yake imeiva, kesho majirani wanaingia mashambani, naye aende? Wiki ile ofisi yetu ilikuwa imetangaza kwamba barabara ya mashamba iko salama. Lakini mwanzoni mwa msimu watu waliuawa na waasi kulekule, na mama amezeeka, hawezi kukimbia. Nikamwomba asubiri kidogo.

Kuuliza si ujinga. Wakati wa chai nikamuuliza kapteni. Alinivuta kando, kikombe mkononi.

"Ile ni communiqué, tangazo ya ku karatasi tu, mama," akaniambia. "Bibi yangu, mama ya batoto yangu, naye iko na shamba kule. Nilimukatalia kwenda."

Asubuhi ileile tulikuwa tumesimama pamoja dirishani, yeye kifua mbele! Nikatoka uani, nikampigia mama, na kinywa changu chenyewe kikaanza kukariri tangazo: serikali inasema barabara imefunguliwa.

"Ile nilisikia ku redio," mama akanikatiza. "Miye nauliza mutoto wangu."

Nikamwambia asiende. Akamshukuru Mungu, kisha akauliza kuhusu majirani, maana wao wanaenda kwa kuiamini redio. Nikasema awaambie wabaki. Akataka kujua aseme ni nani amekataza. Mtoto wake, akasema, kwa jina lake tu, hana uwezo wa kufunga barabara ambayo serikali imeifungua.

Niliogopa, nikageuka kuangalia kama mkuu wangu ananisikia.

"Useme ni bureau, ofisi yetu, imekataza," nikamwambia.

Kisha nikarudi ndani kuendelea na mafunzo, bila kujua kama serikali nimeijenga au nimeibomoa.