Kamwani za Mabalozi

Juma lililopita basi lilisimama Muleba, nami nikanunua kamwani, zile buni tunazotafuna. Siku hizi zinafungwa kwenye nailoni. Zamani zilikaa kwenye kikapu kidogo cha bibi, zikinukia majani aliyozichemshia. Nilizitia mfukoni nikaendelea na safari ya Ijumbi, kwenda kikaoni na kaka yangu juu ya kibanja, shamba la migomba alilotuachia bibi. Njia nzima nililiwaza lile igizo.

Kama ulisoma shule yetu unalijua. Lilichezwa kila mwaka, darasa likirithi darasa, nyimbo zilezile. Mabalozi wa nchi mbili zenye ugomvi wanakutana kutafuta amani, halafu wanaimba wee, mwanzo mpaka mwisho, wakibishania nani aanze kuketi. Mwaka wetu balozi mmoja nilikuwa mimi, ndani ya koti la baba lililonifika magotini. Wa pili alikuwa kaka. Mwalimu alituahidi kwamba tukiwafurahisha wageni, tutakwenda kulicheza Bukoba mjini. Sikuwa nimeuona mji wala ziwa. Niliimba nikipalilia, niliimba nikimenya ndizi, mpaka nyumba nzima ikanichoka.

Siku yenyewe uwanja ulijaa. Tulikuwa kwenye ubeti mkali, kaka ananinyooshea kidole na mimi nimevimba kama chura, mara nikamwona bibi anainuka kwenye mkeka. Alikuja taratibu na kikapu chake, akapanda jukwaani, akapiga magoti mbele yetu kama alivyowapokea wageni nyumbani. Akatia buni moja mdomoni mwake kwanza, tuone ni salama, kisha akatunyooshea kikapu.

"Waitu, waheshimiwa, mtagombanaje midomo mikavu? Tafuneni kwanza."

Kwetu, mkishatafuna kamwani za kikapu kimoja hamtukanani tena mbele ya aliyewapa, na kuzikataa ni kumtukana yeye. Kaka akachukua. Nikachukua. Wimbo wa ugomvi ukafia hapo, midomo imejaa buni na hasira zimetutoka. Uwanja ukaangua kicheko, mwalimu akainamia ngoma yake, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Bukoba ikaenda shule nyingine, nami nikabaki kuitwa Balozi Kamwani mpaka namaliza darasa la saba.

Bibi hakuona alichokosea. "Mabalozi ni wageni, wamesimama tangu mchana," alisema jioni ile, "hamna hata mmoja wa kuwapa kitu?"

Kikao cha juma lililopita kilifanyika sebuleni kwake bibi. Kaka alikaa upande huu, mimi upande ule, na mzee wa ukoo akagawa maji ya chupa. Tulianza kwa kubishania nani atangulie kusema. Kisha mpaka wa kibanja, kisha kama mimi, binti, ninaweza kurithi migomba. Kaka akaninyooshea kidole kilekile. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeishika ile nailoni, nikaona haya kuitoa. Wangesema ninatania, au nimeshindwa. Tuliachana bila kuagana.

Bibi hayupo, kikapu sijui kiliishia kwa nani, na shuleni nasikia igizo hawalichezi tena. Kamwani ninazo bado, hazijafunguliwa. Ninakusimulia haya uso ukiniwaka kama siku ile jukwaani, ila safari hii bibi hakunifanyia kitu.